Aglianico del Vulture: mvinyo nausifu, ila yule muuzaji alikataa hata kunusa

Nilipanga niandike kwa upole lakini kila nikikumbuka ile siku damu inanichemka, basi niseme tu ilivyokuwa. Naishi huku kusini mwa Italia miaka kadhaa sasa, nikanunua chupa mbili za Aglianico del Vulture Superiore Riserva, yaani daraja la juu lililokomazwa la mvinyo mwekundu wa zabibu za Aglianico zinazolimwa kwenye volkano ya Vulture huku huku kusini, kwenye duka moja la mvinyo, hela nimedunduliza kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa yetu, maana huu mvinyo ukiuwahi mapema ukakasi wake unakukamata ulimi kama umetafuna bibo, na hiyo Riserva kisheria haiuzwi mpaka ifikishe miaka mitano.

Siku ikafika, mume wangu kachoma kondoo, nikazibua. Jamani! Harufu ya boksi lililolowana, tambara lililosahaulika kwenye ndoo. Nikaiacha masaa mawili labda itapumua, wapi, ndo ikazidi.

Kesho yake nikairudisha, karibu imejaa yote, kizibo nimekifunga kwenye leso. Yule mzee hakunusa. Hakunusa chupa, hakunusa kizibo, akaniangalia juu mpaka chini mbele ya wateja akasema, "Signora, volkano ndo inavyonuka, huu sio mvinyo wa waliozoea bia."

Volkano! Mi Vulture nimefika. Mlima wenyewe ulishazimika zamani sana, kwenye kreta siku hizi kuna maziwa mawili ya Monticchio, na pale Barile, mji mdogo wa hapo mlimani, nimeingia kwenye mapango waliyochimba kwenye mwamba laini wa majivu, ndo stoo zao za mvinyo hizo, nikaonjeshwa humo humo na hiyo harufu sikuisikia. Wenzao kwingine wameshamaliza kuvuna wao bado wapo shambani na baridi lote, mwisho wa Oktoba mpaka Novemba, watu wanahangaika hivyo halafu mtu anauza chupa yenye kizibo kibovu anausingizia udongo wao? Ile harufu ni ya kizibo, kuna kemikali inaitwa TCA, anayeuza mvinyo anaijua, na anayejiheshimu anakubadilishia chupa bila maneno.

Niliondoka koo limenikaba. Sikumjibu kitu, na hiyo inaniuma mpaka leo kuliko hela.

Chupa ya pili nikaiogopa, ikakaa kabatini mwaka na zaidi. Juzijuzi mume wangu akasema tuifungue tu ijulikane moja. Tukafungua. Zambarau zilizoiva mpaka zinapasuka, halafu moshi kwa mbaaali kama jiko la kuni lililozimwa usiku, ukakasi bado upo ila umelainika, unakusafisha mdomo unataka nyama tena. Tulinyamaza wote wawili. Glasi ya mwisho ilishinda ya kwanza, na naamini ingekaa miaka kumi mingine isingetetereka.

Sasa nitoe nyota ngapi? Nilianza na moja. Mvinyo wenyewe ni tano, sibishani na mtu, nunueni. Duka sifuri. Ingawa kusema kweli yeye ndo aliyenichagulia na alichagua vizuri, bei nayo haikuwa ya wizi, kwa hiyo labda... hapana. Sifuri. Kizibo kibovu kinaweza kumkuta yeyote, lakini kukataa hata kunusa!

Kizibo chenyewe ninacho kwenye droo, kwenye leso ileile. Nikipita pale tena nakiweka juu ya kaunta, anuse.