Mazabodi ya LGA 1151 yenye pini mbovu: uzoefu wangu

Bodi ninayoitumia ni ya chipseti (chipu inayosimamia vifaa vya bodi) ya H110, soketi ya prosesa ni LGA 1151, na prosesa yake ni Core i5-6500. Niliipokea pini tatu zikiwa zimepinda na moja imekatika. Sasa inawaka kila siku bila kugoma, ila inasoma tundu moja tu la RAM.

Kwenye LGA pini ziko upande wa bodi. Prosesa ina vidoti bapa tu. Soketi hii ina pini 1151 zilizoachana kwa karibu milimita 0.9. Sehemu kubwa ni pini za umeme na za graundi, ambazo hubebana mzigo, hivyo ikikosekana moja ya graundi huenda usione tofauti yoyote. Zilizobaki kila moja ina kazi yake. Ikifa pini ya chaneli ya RAM (njia ya data kati ya prosesa na RAM), tundu la chaneli hiyo halisomi. Ikifa ya PCIe, njia ya kadi za nyongeza, kadi ya grafiki hushuka kutoka x16 (njia 16) hadi x8 au chini zaidi, au isionekane. Ikifa ya DMI, ile njia ya prosesa kuwasiliana na chipseti, feni zitazunguka lakini picha haitakuja. Jina la kila pini liko kwenye ramani iliyomo katika hati za kiufundi za Intel za prosesa hizo. Kabla ya kuhesabu safu, hakikisha kama ramani imechorwa kutoka juu au kutoka chini, na uanzie kwenye kona yenye pembetatu. Ukigeuza ramani utanyoosha pini iliyo nzima na kuiacha ile mbovu.

Kwa kunyoosha, chomoa waya wa umeme wa pini 24 na ule wa prosesa, toa betri ya CR2032, kisha mulika soketi kwa tochi kutoka ubavuni. Ncha zilizo sawa hung'aa kwa mstari mmoja. Iliyopinda huvunja mstari. Pini za soketi hii zimegawanyika makundi mawili yanayolalia pande tofauti, kwa hiyo linganisha pini na jirani zake wa kundi lake tu. Kioo cha kukuzia cha mara 10 kinatosha.

Wengi husifia penseli ya kubonyeza ya 0.5 iliyotolewa risasi. Inafaa sana kwa prosesa za AMD za soketi ya AM4, zenye pini zilizosimama. Kwa LGA, ambako pini ni kijibamba cha chuma kilichoinama, nakubali zaidi sindano nyembamba ya kushonea: iingize chini ya ncha, inua kidogo, acha, tazama tena. Usirudishe pini nyuma na mbele. Chuma hiki huchoka haraka, na mara nyingi kukatika hutokea wakati wa kunyoosha, si wakati wa kupinda. Pesti ya joto iliyomwagikia ndani isafishwe kwa alkoholi ya isopropili na brashi laini. Pamba huacha nyuzi zinazonasa pini nyingine.

Pini mbili zinazogusana ni hatari kuliko pini isiyokuwepo, kwa sababu zinaweza kuunguza prosesa. Ndiyo maana jaribio la kwanza nafanya kwa prosesa ya bei ndogo kama Celeron G3900. Baadaye itoe na uigeuze: kila kidoti kilichoguswa huwa na alama ndogo ya mkwaruzo. Kidoti kisicho na alama kinakuonyesha pini isiyofika juu.

RAM isiposomeka, usikimbilie kulaumu pini. Hamisha kijiti cha RAM kwenda tundu la pili, kisha legeza skrubu za hitisinki na uzikaze upya kwa kukingama, kidogo kidogo. Mbano usio sawa huleta dalili ileile. Kwangu haya hayakusaidia, kwa kuwa iliyokatika ni pini ya chaneli yenyewe.

Baada ya hapo endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, mizunguko minne; kisha kwa programu ya CPU-Z angalia kama RAM iko chaneli moja au mbili, na kwa GPU-Z angalia upana wa PCIe huku kadi ya grafiki ikiwa na kazi.

Hasara ya chaneli moja ni halisi: DDR4-2133 inatoa takriban GB 17 kwa sekunde badala ya 34. Kuandika, kuvinjari na mahesabu ya Excel hayaonyeshi tofauti ya maana. Michezo inayotegemea grafiki ya ndani ya prosesa inaumia waziwazi.

Kubadilisha soketi nzima sishauri kwa bodi ya daraja hili. Imeshikwa kwa vijipira vya lehemu chini yake, na lehemu isiyo na risasi huyeyuka kuanzia nyuzi 217 hivi, kazi ya mashine maalumu ambayo gharama yake inaweza kupita thamani ya bodi. Ukiuziwa bodi ya mtumba isiyo na kifuniko cha plastiki cha soketi, mulika tochi kabla ya kutoa hela, na omba uione ikiwaka huku matundu yote ya RAM yamejaa.