Kolembola kwenye vyungu: kukausha udongo au kumwaga dawa?

Ukimwagilia chungu ukaona vijidudu vyeupe, vya milimita moja au mbili, vikielea kwenye kisahani na kuruka ovyo, basi hao ni kolembola, ambao hujirusha kwa kiungo mithili ya uma kilichokunjwa chini ya tumbo. Chakula chao hasa ni kuvu na majani yanayooza. Mche mchanga ndio unaoweza kutafunwa mizizi, tena pale wanapokuwa wengi mno.

Kati ya njia hizi mbili, mimi huanza na kukausha. Ngozi ya kolembola ni laini na hupoteza maji upesi, hivyo tabaka la juu la udongo, sentimita 2 au 3, likiachwa likauke kabla ya kumwagilia tena, wengi hufa na wengine hushuka chini zaidi. Udhaifu wake ni kwamba mayai ya baadhi ya aina hustahimili ukavu, na miche iliyomo ndani ya kitalu nyumba, inayohitaji unyevu wa kudumu, haiwezi kunyimwa maji ikapona.

Dawa ya pareto huua haraka wale inaowagusa, lakini huisha nguvu upesi kwenye mwanga wa jua na haiwafikii kirahisi waliojificha udongoni. Unyevu ukibaki vilevile, watarudi. Aidha, huweza kuua utitiri wanaowawinda. Ningeitumia kwa miche tu, tena baada ya kulaza kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo na kukuta upande wake wa chini umejaa kolembola.