Mradi wa kusaidia yatima kupitia shule hapa Busia, mwaka wa pili sasa

Naandika hii juu kila siku sokoni watu wananiuliza kama huu mradi ni wa ukweli ama ni wale wa kupiga watoto picha halafu wanapotea. Jina siliweki, wa Busia huku upande wa Uganda mtaujua tu. Mi nalea watoto watatu wa marehemu dada yangu pamoja na wangu wawili, nauza mitumba karibu na mpaka.

Kabla ya hawa tulikuwa na mradi mwingine, ulileta mabegi mazuri kabisa lakini jina lao limeandikwa nyuma maherufi makubwa, kwa hivyo shule nzima ilijua begi hilo ni la nani. Msichana wangu wa P5, darasa la tano, akawa analigeuza ndani nje, zipu inamkwaruza bega, anaenda nalo hivyo hivyo. Kumuuliza, akasema "mama mdogo, wananiita OVC," lile jina la miradi la yatima na watoto walio katika mazingira magumu. Nililia siku hiyo.

Hawa wa sasa hawagawi begi. Pesa ya chakula wanalipa shule moja kwa moja, mtoto anapanga laini na wenzake anakula posho (ugali) na maharage kama wote, hakuna anayejua nani kamlipia. Na chakula ndiyo shida yenyewe, maana watu wanasema UPE, elimu ya msingi ya serikali, ni ya bure tangu 1997, sawa, fizi serikali iliondoa, lakini chakula, yunifomu, vitabu bado viko kwa mzazi, sasa asiye na mzazi ndiye anarudishwa nyumbani wa kwanza. Yunifomu anashona fundi wa hapa hapa, anampima mtoto mwenyewe. Wasichana wanapata pedi za kufua kwa yule mwalimu mlezi wao, kimya kimya.

Kitu kilichonikasirisha mwanzoni ni yule mama wa kujitolea, jirani tu wa mtaa wa pili, anakuja kila mwezi anakaa kwa mkeka anafungua madaftari moja moja, halafu anaomba kuongea na watoto mi nikiwa nje. Nikaona ananichunguza. Kumbe kijana mkubwa alikuwa anatoroka shule siku za soko anabeba mizigo mpakani, pesa anaziweka kwenye kopo la unga nikidhani ni zangu nimesahau. Alikuwa ananisaidia mtoto wa watu! Yule mama hakunigombeza wala hakumpiga, alinipeleka kwa kikundi cha kuweka akiba, kile cha sanduku la kufuli tatu, funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti na sanduku lenyewe liko kwa wa nne. Nikakopa nikaongeza bale moja la mitumba, nimelipa nikamaliza, na kijana amerudi darasani. Kikundi kina pesa kidogo ya pembeni pia, mtoto akiugua malaria usiku unapata ya boda na dawa. Kwangu hiyo imenifaa kuliko kitu kingine chochote walichotoa.

Kasoro zipo. Muhula wa pili pesa ya chakula ilichelewa karibu mwezi na shule ikaanza kusoma majina asubuhi parade, ile aibu tuliyokimbia ikarudi, hapo lazima wajirekebishe kabisa. Pia wanaishia P7, mwisho wa shule ya msingi. Kijana anafanya PLE, mtihani wa kumaliza msingi, Novemba hii na sijui S1, sekondari mwaka wa kwanza, itakuwaje, hata hiyo elimu ya sekondari ya serikali iliyoanza 2007 bado unatakiwa yunifomu na mahitaji mengine. Nimewaambia kwenye mkutano, wakaandika, nasubiri.

Nawapa nyota nne. Kama una mtoto unayemlea, fomu ziko kwa hedimasta mwanzo wa muhula, beba barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, na usilipe mtu yeyote hata shilingi mia kwa hiyo fomu.