Kayaki ya upepo ndani ya delta ya Rufiji: nunua, ila soma maji kwanza

Mambo vipi wadau, wengi mmeniuliza hii kayaki, kiboti chembamba cha kupiga kafi, ya kujaza upepo ya watu wawili, kama inafaa kuingia nayo delta ya Rufiji, nimekaa nayo kule siku tatu na jibu langu ni inafaa, tena sana, ila mpangaji wa safari sio wewe, ni maji.

Uzuri wake ni kwamba ukiitoa upepo inaingia kwenye begi moja, unapanda nalo basi Mbagala, unashuka Bungu, unatafuta usafiri mpaka Nyamisati, yaani kayaki ya plastiki ngumu huwezi kuibeba hivyo. Halafu ni bapa, inaelea hata kwenye maji ya goti, na delta inataka chombo bapa. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humu 1914 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli kubwa za Waingereza zikashindwa kuifuata mpaka zilipoletwa meli mbili zisizohitaji kina kirefu, ndo Julai 1915 ikapigwa mpaka ikaharibika.

Sasa ngoja nisogeze kamera hapa pembeni, mnaona huu mchano, urefu wa kidole? Ni chaza huyo. Ile mizizi ya mikoko iliyosimama kama miguu ya kaa imejaa chaza, ganda lake ni wembe, na maji yakiwa nusu humuoni kabisa, mimi niligusa tu nikasikia fsss. Kiraka kilichokuja nayo kikagoma kushika, kumbe gundi haipatani na chumvi, mpaka nikaosha pale kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, nikakausha na kanga ndo kikashika. Kwa hiyo beba maji baridi ya ziada mbali na ya kunywa. Na lile pezi la chini ling'oe, linakamata tope.

Tuje kwenye maji, hapa nisikilizeni vizuri. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku yanachelewa kama dakika 50, saa za jana hazikufai leo, halafu ratiba inayotolewa ni ya pwani, huko ndani maji yanafika baadaye. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, mkondo wake hata mpige kafi wawili mnarudishwa nyuma. Nenda maji mafu, wakati mwezi ni nusu. Mzee mmoja wa mitumbwi aliniambia, "Mwanangu, shuka na maji yakipwa, panda nayo yakijaa." Siku ya pili nilichelewa kutoka kwenye kijito, maji yakakimbia, nikakaa saa nne juu ya tope katikati ya mizizi ya mchu, aina ya mkoko, iliyochomoza kama penseli, na kushuka kutembea huwezi, unazama mpaka mapajani.

Viboko na mamba wapo, kwa hiyo usiku hakuna kupiga kafi, na usiingie bila mwenyeji anayejua vijito, mlipe vizuri, na mpite serikali ya kijiji mjitambulishe.

Bado naipa nane kwa kumi. Nikirudi nabeba viraka sita na gundi makopo mawili.