Foldscope, hadubini ya karatasi: yafaa kwa shule za Lamu, ukijua mipaka yake

Foldscope ni hadubini ya kukunja iliyobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Inakuza mara 140 na kuonyesha vitu vidogo hadi maikroni 2 hivi, yaani sehemu mbili za elfu za milimita. Karatasi yake haipitishi maji, haitaki umeme, na yaingia mfuko wa kanzu. Kwa shule isiyo na maabara, tunaipendekeza hasa kufundishia mageuko ya viumbe.

Sampuli nzuri kuliko zote ni viluwiluwi vya mbu. Msivitafute kwenye birika lenye samaki. Samaki wale wamewekwa kusudi wavile. Chota maji ya pipa lililosahauliwa uani, mimina kwenye sahani nyeupe, watoto watazame kwa macho kwanza. Vinavyoning'inia kichwa chini huwa vya mbu aina ya kuleksi au edesi. Vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya anofelesi, mbu wa malaria. Kisha chukua kilicho kidogo kabisa pamoja na tone moja la maji. Lenzi ni kitone cha kioo kinachokaa karibu mno na sampuli, hivyo kiluwiluwi kilichokomaa huigusa na picha haitulii.

Tazama mkiani. Kuleksi ana mrija wa kupumulia, anofelesi hana, hupumua kwa vitundu vya mgongoni. Ukoo mmoja, njia mbili za kupata hewa. Hapo mwalimu ana pa kuanzia.

Aendelee hadi kwenye chandarua. Wengi husema mbu wamezoea dawa, kana kwamba mbu mmoja hujifunza kuistahimili. Sivyo. Katika kundi kubwa huwapo wachache waliozaliwa na tofauti ya kurithi inayowaokoa na pairethroidi, dawa ya kuulia wadudu inayotiwa kwenye vyandarua. Dawa huua wenzao, wao wakabaki kuzaa, na kizazi baada ya kizazi aina yao huongezeka. Foldscope haionyeshi usugu huo, maana aghalabu umo ndani ya jeni, na mwalimu asiwaahidi watoto kuuona. Inachoonyesha ni kwamba viumbe wa jamii moja hutofautiana, na bila hilo uteuzi wa asili haueleweki kabisa.

Kasoro zipo. Maji ya bahari yakikauka kwenye lenzi huacha fuwele za chumvi ambazo mtoto atazidhania wadudu. Futa kwa pamba laini iliyoloweshwa maji yasiyo na chumvi. Gundi inayoshika kwenye simu ile sumaku ya kuiunganisha na hadubini huachia kwa joto, basi ongeza gundi ya karatasi ya pande mbili. Kulenga kunataka vidole vitulivu, na wadogo huchoka haraka. Na kamwe wasielekeze hadubini kwenye jua, litawaumiza macho. Ukuta mweupe ulio kivulini unatosha.

Fedha zikitosha moja tu, ifunge kwenye simu, darasa zima litazame kiooni.