MusicBrainz na kaseti za mzee: uzoefu wangu

Nilijiunga na MusicBrainz, hifadhidata ya muziki mtandaoni inayojazwa na watumiaji wenyewe, kwa ajili ya kaseti za mzee. Thelathini na kitu, karibu zote dansi. Nilizihamishia kwenye kompyuta, kila faili likaitwa "wimbo 1", "wimbo 2". Nilitaka majina tu, basi. Saa sita usiku nikajikuta nawaza kama NUTA Jazz na JUWATA Jazz ni bendi moja au mbili.

Kwa mzee hakuna swali: Msondo ni Msondo. Ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, sasa Msondo Ngoma. MusicBrainz inakuruhusu kumweka msanii mmoja (kwao hata bendi ni msanii), majina mengine yakae kama lakabu, halafu kwenye kila kaseti unaandika jina lililochapwa kwenye jalada. Ukiona jina jipya lilianzisha bendi mpya, unafungua msanii mwingine na kuwaunganisha kwa uhusiano wa kubadili jina. Hili nimelipenda kuliko yote, maana programu ya muziki kwenye simu yangu inajua jina moja tu na kwisha.

Kwa Muhidin Gurumo, mwimbaji wa Msondo, nilichemsha. Kaseti moja ina Muhidin, nyingine Muhiddin mwenye d mbili, nami nikafungua wasanii wawili. Nilipozinduka nikaomba waunganishwe. Ombi kama hilo hukaa wazi siku saba wahariri wengine wapige kura. Uzuri ni kwamba kila msanii ana namba yake ya utambulisho, na ya yule aliyeondolewa haipotei. Ukiifuata inakupeleka kwa aliyebaki.

Halafu inakuja kazi ya uanachama wa bendi, na mwaka wa kuingia na wa kutoka. Gurumo alikuwa NUTA, 1978 akaenda Mlimani Park, akapita Safari Sound, akarudi Msondo, akastaafu 2013. Bendi zetu zilivyokuwa zikinyang'anyana waimbaji, ukurasa wa mtu mmoja unaweza kukumalizia jioni nzima.

Kingine: kuna aina za msanii, yaani mtu, kundi, okestra, kwaya na kadhalika. Mlimani Park Orchestra niliiweka okestra, jina si linajieleza? Kumbe okestra kwao ni lile jeshi kubwa la wapigaji vyombo. Bendi ya dansi ni kundi. Nikarekebisha. Ningesoma mwongozo kwanza nisingeumbuka.

Huduma ni bure, na taarifa za msingi ziko huru kwa yeyote kuzitumia. Picard, programu yao ya kompyuta, imeniandikia majina kwenye mafaili yote niliyokwisha kuyaingiza.

Zimebaki kaseti nne zisizo na jalada, zimeandikwa kwa kalamu tu "Msondo safi". Mzee akisikiliza sekunde kumi anasema, "Huyo Gurumo." Kwenye nafasi ya kueleza umepata wapi taarifa nimeandika: "Baba kasema." Bado sijabonyeza kutuma.