Bolti na nati za Land Rover ya zamani: zipi za kununua kwanza, zipi za mwisho

Anayefufua Land Rover Series II, IIA au III hupata milango, bodi na hata gia boksi nzima kabla hajakamilisha mfuko wa bolti zinazofaa. Gari hili lilizaliwa Uingereza ilipokuwa inabadilisha vipimo vyake. Series I ya 1948 ilitumia nyuzi (meno ya bolti) za BSF na Whitworth, mifumo ya zamani ya Kiingereza. Series II ilipoingia 1958, sehemu nyingi za bodi na chasi zilikuwa zimehamia UNF, nyuzi laini za mfumo mpya wa inchi, lakini gia boksi ilirithiwa na BSF zake, stadi za magurudumu (vijiti vya nyuzi vinavyofungwa nati za gurudumu) zikabaki 9/16 BSF hadi karibu 1980, na skrubu ndogo za geji na swichi za dashibodi ni BA, mfumo wa Kiingereza wa skrubu ndogo.

Sasa tazama yanayotokea gereji. Mafundi wetu huita bolti kwa namba ya spana: "nipe kumi na tatu." Kwenye Toyota hakuna neno. Kwenye Land Rover, bolti ya 5/16 UNF ina kichwa cha nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa hiyo spana namba 13 inaingia bila kulalamika. Unene wake ni milimita 7.94, jirani kabisa na M8, bolti ya milimita 8. Ila UNF ina meno 24 kwa inchi, na M8 ya kawaida ina kama 20. Nati ya M8 itazunguka mara moja mbili, itakaza, fundi ataongeza mkono, na uzi umekwisha. Ndiyo maana kitu cha kwanza kununua ni geji ya nyuzi ya inchi (vibapa vya kupimia meno) na venia ya kupimia unene. BSF na UNF za 5/16 zimepishana meno mawili tu, 22 kwa 24, na jicho halitakusaidia hapo.

Kati ya vyanzo vya bolti, nafasi ya kwanza naipa bolti za gari lenyewe. Usitupe hata moja, iwe na kutu kiasi gani, mpaka ujue ilikotoka. Zifunge kwa mafungu na uandike sehemu. Loweka kwenye siki usiku kucha, zisugue kwa brashi ya waya, pitisha dai (kifaa cha kukata nyuzi) ya saizi yake, kisha zipelekwe kupakwa zinki. Kichwa kilicholiwa na spana, au shina lililokonda katikati, hicho ni chuma chakavu.

Ya pili ni stoku ya zamani ambayo haijawahi kufungwa. Huku kwetu anzia maduka ya spea ya muda mrefu, kama Kirinyaga Road Nairobi au Gerezani Dar es Salaam, na uongee na mzee wa duka badala ya kijana wa kaunta. Geuza bolti utazame kichwa: viduara vilivyogusana ni alama ya mfumo wa UNF na UNC (nyuzi pana za mfumo huohuo), na herufi R, S au T zinaonyesha nguvu ya chuma, T ikiwa kubwa zaidi. Majina kama GKN, BEES na Newall ndiyo yanayotakiwa na anayetaka gari lifanane na siku lilipotoka kiwandani. Muuzaji akishajua unatafuta alama hizo, bei inapanda hapo hapo; uliza kwanza, sifia baadaye.

Ya tatu ni mkweche wa kuchinja, yaani gari bovu la kutolewa spea. Ni chanzo kizuri cha vitu vidogo visivyouzwa peke yake: bawaba, vibano vya waya, pini, washa pana za bodi. Lakini gari ambalo limepita kwa mafundi kumi lina bolti za Isuzu ndani yake. Geji mkononi.

Ya nne ni wauzaji maalumu wa Uingereza. Seti za bolti mpya ni safi, vichwa havina alama za zamani, na usafirishaji wa chuma ni mzito mfukoni. Faida yao kubwa ni namba za spea, kwa sababu zinasomeka. Chukua SH605071L: SH ni skrubu ya kichwa cha pembe sita, 6 ni UNF, 05 ni 5/16, na 07 ni urefu kwa sehemu za nane za inchi, yaani 7/8. Ukiona SH108 ujue umeshaingia kwenye milimita, M8. Ukielewa hilo unaweza kuagiza bila picha.

Bolti za UNF za duka la kawaida, zenye mistari mitatu kichwani kwa mtindo wa Kimarekani, zinafanya kazi vizuri mahali pasipoonekana. Fundi wa mashine wa kuchonga bolti mpya namwachia BSF adimu za gia boksi tu.

Mwisho kabisa naweka seti za stenlesi, ingawa ndizo zinazong'aa zaidi. Bodi ya Land Rover ni aloi ya alumini. Ikigusana na stenlesi penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Mmiliki wa Mombasa, Tanga au Unguja ataona unga mweupe kuzunguka bolti zake. Tena A2-70, daraja la kawaida la stenlesi, ni dhaifu kuliko chuma cha daraja 8.8, hivyo isikaribie springi.

Kwa usukani, breki, springi na magurudumu mpangilio huu haufanyi kazi: nunua mpya zenye daraja sahihi, na nati za Nyloc (zenye pete ya nailoni ndani) usizirudie. Kabla ya kulipia nati za gurudumu, pima stadi za kila ekseli. Milimita 14.3 ni BSF, 16 ni M16, na ekseli zimebadilishwa sana kiasi kwamba gari moja linaweza kuwa na zote mbili.